Joho Lisivuke Goti

Kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mama Nontuthuzelo Jara, mshonaji wa bweni, aliitoa meza ndogo ya chumba cha kufulia, akaiweka dirishani penye mwanga, na juu yake akapanga chaki, pini, futi kamba na mkasi wake wa chuma, ambao hakumruhusu mtu kuukatia karatasi. Wanafunzi wa Bweni la Atherfold walipanga foleni kando ya ukuta wakiwa wamevaa majoho yao meusi. Kanuni ya bweni ilisema joho lisivuke goti. Ambaye lake lilivuka hakuingia ukumbini kwa chakula cha jioni. Alipewa sahani yake jikoni, akala amesimama.

Wengi walipita mezani bila kuguswa. Joho la mwanafunzi wa kawaida lilibaki palepale liliposhonewa. Lakini kila mwaka kulikuwa na sita au saba ambao majoho yao yalirefuka. Aliyependa akanyamaza, lake lilirefuka vidole viwili kwa wiki. Aliyependa kupita kiasi, akanyamaza, lilirefuka shibiri nzima. Hakukuwa na fumbo lolote hapo. Joho lilirefuka kwa kadiri ya kile mwenyewe alichokificha, na katika miaka mia na kumi ya bweni lile kilichofichwa kilikuwa karibu kila mara mvulana aliyempenda mvulana, au msichana aliyempenda msichana. Mwaka mmoja kulikuwa na kijana aliyeficha paka. Kitabu cha kanuni kilisema ni unyevu wa hewa.

Anathi Ngcelwane, wa mwaka wa pili, alisimama kwenye kiti kidogo huku Mama Nontuthuzelo akipiga chaki nyuma ya magoti yake.

"Shibiri na vidole viwili," alisema Mama Nontuthuzelo, pini zikiwa mdomoni. "Mwanangu, huyu mtu amekuingia."

Anathi aliangalia dirishani. Alikuwa msichana wa maneno machache, na isitoshe nyuma yake kulikuwa na watu kumi na wanne wakisubiri zamu.

Katika nchi ile mtu yeyote mzima aliruhusiwa kumuoa au kuolewa na amtakaye. Jambo hilo lilikuwa katika sheria za nchi, na lilifundishwa ng'ambo ya uwanja, kitivo cha sheria, kila Jumatatu saa nne. Baadhi ya wanafunzi walivuka uwanja na daftari zao wakamuuliza mlezi wa bweni, Dakta Threlfall, kanuni ya goti ilikuwa ya kazi gani basi. Dakta Threlfall aliwakaribisha chai. Alikuwa mtu mpole aliyependa kusikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Hapa hakuna anayekatazwa kumpenda mtu," aliwaambia. "Sisi tunazungumzia urefu tu."

Wanafunzi walikunywa chai yao wakarudi.

Joho refu kuliko yote lilikuwa la Profesa Lindeque, aliyefundisha Kigiriki. Kanuni ya goti haikuwahusu walimu. Joho lake lilitoka darasani, likateremka ngazi, likakata uwanja wote hadi nyuma ya kanisa, likaingia chini ya mlango wa Bwana Pringle, mpiga kinanda. Lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Watu walilivuka bila kuliangalia, kama mtu avukavyo kizingiti cha nyumbani kwake. Mtunza bustani alikata majani pande zake zote mbili. Punda wa mji ule, waliozoea kuzurura hadi ndani ya chuo, walilala juu yake jua likiwa kali, na Profesa akalazimika kusubiri waamke ndipo amalize sentensi ubaoni. Kila saa kumi alasiri Bwana Pringle alitoka na brashi, akapangusa ile ncha iliyofika kwake, akarudi ndani.

Alhamisi Profesa alifundisha juu ya askari wa kale waliokwenda vitani wapenzi wawiliwawili. Alifundisha vizuri sana. Macho yalimlowa. Siku moja mwanafunzi aliinua mkono akauliza kama Profesa aliwahi kukutana na wapenzi wa namna hiyo katika maisha yake. Profesa alifikiri, kisha akasema tusiwavishe watu wa kale mavazi ya siku zetu. Akaliinua joho lake kidogo kwa mikono miwili, akageukia ubao.

Walioipenda Alhamisi kuliko wote walikuwa Wateule wa Machweo, chama cha wanafunzi kumi na mmoja waliokutana chini ya maktaba kusoma mashairi yaliyokufa na lugha zake. Walivaa makoti ya sufu Februari, joto likiwa digrii thelathini na tano, na mmoja wao alizimia mara kwa mara, jambo lililompa heshima. Walisomea mishumaa kwa sababu ya mgao wa umeme, na umeme uliporudi walizima taa. Walipenda sana mapenzi yenye msiba, ilimradi wapenzi wawe wamekwisha kufa miaka elfu mbili iliyopita. Kiapo chao kilikuwa cha damu, lakini kwa kuwa katibu aliogopa sindano walitumia divai. Kitu kimoja tu kiliwasikitisha: tangu chama kianzishwe hakuna mwanachama aliyewahi kufa katika mazingira ya kutatanisha.

Huko ndiko Anathi alikokutana na Liezl Apollis. Anathi alikuwa akisoma beti kwa sauti, Liezl akamsahihisha matamshi mbele ya watu wote. Kesho yake Liezl alimletea maandazi ya viungo yaliyotoka kwa bibi yake huko Kraaifontein, yamefungwa kwenye gazeti, akasema ni fidia.

"Fidia ya nini?" aliuliza Anathi.

"Ya mdomo wangu. Nikiona mtu mzuri anasoma vibaya nashindwa kujizuia."

Kuanzia hapo walikutana kati ya saa nane na saa kumi, kwenye rafu za kamusi za Kigiriki, ambako hakuna mtu aliyefika tangu kamusi zihamie kwenye simu. Liezl alikuwa mchekeshaji. Aliwaiga Wateule wote kumi na mmoja, pamoja na yeye mwenyewe. Alijua kusuka, na alimsuka Anathi nywele huku akimsikiliza akinyambua vitenzi, na kila kosa aliuvuta msuko kidogo. Anathi hakuwahi kufurahi hivyo maishani, na joho lake lilionyesha.

Joho la Liezl halikuonyesha chochote.

Lilikaa gotini, sawasawa kabisa, wiki baada ya wiki. Alipanda kwenye kiti cha Mama Nontuthuzelo na kushuka papo hapo. Anathi aliyafikiria hayo kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kufikiri. Joho hurefuka kwa kilichofichwa. Liezl hajamwambia mtu yeyote. Joho lake halirefuki. Basi hakuna kilichofichwa, maana hakuna kitu. Alijaribu kutafuta kosa katika hesabu hiyo, hakuliona. Akaanza kula kidogo.

Jambo alilolitaka lilikuwa moja, na lilikuwa dogo. Mwishoni mwa Oktoba kulikuwa na Karamu ya Waasisi. Wanafunzi waliingia ukumbini wawiliwawili, na Dakta Threlfall, akiwa amesimama mlangoni, aliyatangaza majina mawili kwa pamoja, kwa sauti ya kutosha watu mia mbili. Anathi alitaka jina lake litangazwe na la Liezl. Hakutaka hotuba wala maua. Alitaka yale majina mawili tu yatoke katika pumzi moja. Alimwambia Liezl hivyo mwezi wa Mei. Liezl akasema wangoje uchaguzi kwanza, kwa kuwa alikuwa akigombea ukiranja mkuu wa bweni.

Alasiri moja ya Julai Anathi aliingia chumbani kwa Liezl kuchukua kamusi aliyoisahau. Liezl hakuwepo. Miguuni mwa kitanda kulikuwa na sanduku la bati ambalo kifuniko chake kilikuwa kimeachama. Ndani, vimeviringwa vizuri kama bandeji hospitalini, mlikuwa na vipande vya kitambaa cheusi, kila kimoja na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, na kwenye kila kikaratasi tarehe kwa wino wa bluu. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya Februari, siku nane kabla ya yale maandazi, wakati hawajawahi hata kuzungumza.

Anathi alikaa chini sakafuni. Liezl alimkuta hapo, kipande cha Machi mkononi.

"Unakata mwenyewe," alisema Anathi.

"Kila asubuhi, kabla ya chai. Jumapili mara mbili."

"Mbona hukuniambia? Miezi yote hii nalala najiuliza kama unanipenda."

"Sasa si umeona?" Liezl alikaa naye sakafuni. "Hata mwenyewe nachoka, Ana. Mkono unaniuma. Juzi nilikata hadi mfuko."

"Basi tuingie wote Oktoba. Uache kukata."

"Nikishinda, kanuni hiyo naifuta mimi mwenyewe. Siku ya kwanza, kabla hata sijakaa kwenye kiti. Nipe hadi hapo tu."

Anathi alimpa hadi hapo. Wiki hiyo alirudi kula vizuri, na kwa kuwa alikuwa na furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukaa, alimpigia simu mama yake, muuguzi wa wodi ya wazazi huko Qonce. Alimwambia ana mpenzi, na kwamba ni msichana. Nyuma ya mama yake watoto watatu wachanga walikuwa wakilia.

"Wa kanisa gani?" aliuliza mama yake.

"Anglikana."

"Afadhali. Nilidhani utaniambia umeacha masomo. Anathi, nina mtu hapa kichwa cha mtoto kinaonekana, nitakupigia."

Jumatano iliyofuata Mama Nontuthuzelo alipima mara mbili. Joho lilikuwa limerefuka nusu tu ya kawaida yake.

"Umemwambia nani?"

"Mama."

"Vizuri." Alipiga mstari wa chaki. "Hii nusu iliyobaki, mwanangu, si yako. Unambebea mtu."

Liezl alishinda uchaguzi kwa kura nyingi, maana alipendwa na kila mtu. Siku ya kwanza hakuifuta kanuni. Alieleza kwamba ukiwa ndani unaona mambo ambayo nje huyaoni. Alichofanya ni kuagiza mkasi kwa kila chumba, uning'inizwe nyuma ya mlango kwa utepe wa rangi ya bweni, ili mwenye haja ajikatie mwenyewe faraghani, asiaibike kwenye foleni. Wanafunzi walimshangilia. Wale sita au saba walishangilia kuliko wengine, wakitazamwa. Dakta Threlfall aliandika katika jarida la chuo kwamba Atherfold lilikuwa bweni la kwanza nchini kuchukua hatua kama hiyo, na hilo lilikuwa kweli.

"Hatua kwa hatua, Ana," alisema Liezl kwenye rafu za kamusi. Sasa alikuwa akija saa tisa na kuondoka saa tisa na nusu, kwa sababu ya vikao.

Septemba Kamati ya Ujumuishi iliamua bweni liwe na bendera ya upinde wa mvua. Mjumbe mmoja alipendekeza ishonwe kwa mapindo yaliyokatwa kwenye majoho, kwa kuwa ingekuwa na maana zaidi. Mapindo ya Mama Nontuthuzelo hayakutosha. Hapo kiranja mkuu alileta sanduku zima la bati, akasema limepatikana stoo, na kwamba inaelekea ni la wanafunzi wa zamani. Vikaratasi vilikuwa vimetolewa. Kamati iliguswa sana. Mama Nontuthuzelo alivipausha vipande vile kwa dawa, akavitia rangi sita katika masufuria ya jikoni, akashona siku nne. Alipofika kwenye zambarau alisimama kidogo, akamtazama Liezl aliyekuwa amekuja kuuliza kazi imefika wapi, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

Bendera ilipandishwa Ijumaa, baada ya misa ya mchana. Dakta Threlfall aliinamisha kichwa. Wateule wa Machweo, ndani ya makoti, walisoma shairi juu ya vijana wawili waliokufa zamani, mahali pa mbali. Profesa Lindeque alipiga makofi kuliko wote, na kitambaa chake kirefu kilitetemeka nyuma yake katika uwanja mzima hadi kwenye mlango wa mpiga kinanda. Liezl alitoa hotuba kuhusu ujasiri. Alizungumza bila karatasi, na alisema vizuri sana kwamba hakuna mwanafunzi wa Atherfold atakayelazimika tena kujificha. Anathi alikuwa safu ya tatu. Aliitazama rangi ya manjano akaona vitundu viwili vya pini, karibu karibu, mahali kikaratasi cha Machi kilipokuwa. Jirani yake alimuuliza kama analia. Anathi akasema ni jua.

Alimngojea Liezl kwenye ngazi za maktaba. Hakuwa na maneno mengi ya kumwambia.

"Karamu imebaki wiki tano. Tunaingia pamoja?"

Liezl alitazama nyuma yake kabla ya kujibu. "Kiranja mkuu huingia na nahodha wa timu ya makasia. Ni desturi tu, wala haina maana yoyote. Gareth mwenyewe hata hajui kuzungumza. Mwakani, Ana, nikishatoka madarakani."

"Umesimama pale juu ukasema hakuna wa kujificha."

"Nilikuwa nasema kwa ujumla."

"Ile bendera ni mimi," alisema Anathi. "Nimeiona. Umenipaka rangi ukanitundika watu wanipigie makofi, lakini mlangoni huwezi kuingia na mimi."

"Ana, usinifanyie hivi. Si unajua ninavyokupenda?"

"Najua. Nimehesabu vipande vyako. Hakuna msichana chuo hiki anayejua vizuri kama mimi." Aliifunga kamusi aliyokuwa ameishika. "Endelea kukata, Liezl. Mimi nimeacha kukubebea."

Hakumwambia mtu yeyote habari za Liezl, si Mama Nontuthuzelo, si mama yake. Jambo lile lilikuwa la Liezl, na Anathi hakuwa mtu wa kutoa nje kitu cha mwenzake. Lakini alilitua. Alilia wiki moja, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, na Jumatano ya pili alipanda kwenye kiti.

"Halijasogea," alisema Mama Nontuthuzelo.

"Ndiyo, Mama."

Mama Nontuthuzelo hakumpongeza. Alimshika kifundo cha mguu kwa muda, kama ambaye bado anapima, kisha akamwachia ashuke.

Karamu ya Waasisi ilifanyika kama kila mwaka. Dakta Threlfall alisimama mlangoni na orodha, akayatangaza majina mawilimawili. Alitangaza Liezl Apollis na Gareth Boshoff, ambao waliingia wamenyooka, na nyuma ya goti la Liezl uzi mmoja ulikuwa unaning'inia, kwa kuwa jioni ile alikuwa amekata kwa haraka. Kisha akatangaza, "Anathi Ngcelwane," akasubiri jina la pili, akalitafuta kwenye orodha upande wa mbele na wa nyuma. Halikuwepo. Kwa kuwa alikuwa mpole na hakutaka kumwacha msichana amesimama hivyo, alitafuta kitu cha kusifu. Akaliona joho.

"Tazameni," aliuambia ukumbi. "Mwanzoni mwa mwaka binti huyu alikuwa anakula jikoni. Leo limekaa gotini bila hata mkasi. Nidhamu ndiyo hii."

Watu mia mbili walipiga makofi. Anathi aliinamisha kichwa, akaenda kukaa mwisho wa meza, akala nyama ya kondoo. Ilikuwa imeiva vizuri.

Lakini bendera ilikuwa inarefuka. Ilianza wiki ileile ya hotuba, kidogo kidogo, na baada ya siku ile ya ngazi za maktaba ikaongeza kasi. Katikati ya Oktoba ilikuwa imefunika madirisha ya ghorofa ya kwanza, na wanafunzi wa huko walisomea katika mwanga wa kijani na zambarau. Usiku wa Karamu iligusa majani. Asubuhi yake punda mmoja alikuwa amelalia rangi ya machungwa. Anathi aliiona alipofungua pazia, akasimama dirishani hadi kengele ya chai. Hakuna barua ambayo Liezl angeweza kuandika ikasema zaidi. Alivaa viatu akaenda darasani.

Kamati ya Ujumuishi ilikaa. Wajumbe walikubaliana kwamba bendera ni fahari ya bweni na kwamba haiwezi kuachwa iburuzike. Waliiweka kwenye orodha ya Jumatano. Azimio lilitiwa saini na mwenyekiti wa kamati, na Dakta Threlfall, na kiranja mkuu.

Jumatano Mama Nontuthuzelo alitoka na meza yake hadi chini ya mlingoti. Liezl alikuwepo na daftari, kwa kuwa azimio lilitaka vipimo viandikwe. Upepo ulikuwa mkali na kitambaa hakikutulia. Mama Nontuthuzelo aliangaza huku na huku, akamwona Anathi anapita na vitabu.

"Mwanangu, nishikie ncha hiyo."

Anathi aliweka vitabu chini akaishika ncha. Ilikuwa na uvuguvugu, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Mama Nontuthuzelo aliikunjua futi kamba, akapima kutoka kwenye alama ya chaki aliyoipiga Jumatano iliyopita hadi kwenye vidole vya Anathi.

"Mikono miwili na shibiri moja. Kwa wiki moja."

Liezl hakuandika. "Ngapi?" aliuliza, ingawa alikuwa amesimama karibu.

"Mikono miwili na shibiri moja."

Liezl aliandika. Alichukua muda mrefu kuandika maneno hayo machache, na hakuinua macho. Mama Nontuthuzelo alimwambia Anathi aachie, akaachia, na mkasi ukapita. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakienda kula walisimama kutazama, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba kwa kweli bendera inapendeza zaidi ikiwa na urefu wa kiasi.